Mchanga Chini ya Tuta

Kinampanda, Jumamosi alasiri

Debora mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi uliponiamkia, na hali yako naijua kwa sababu nimekuona ukinywa chai umesimama. Kwa hiyo naianza barua hii bila kukuuliza habari. Umekwenda kumuaga bibi yako, na bibi hatakuachia upesi. Atataka ule, kisha akuombee, kisha ule tena. Mama yako yuko sokoni. Nyumba imetulia, nami nimeketi kwenye meza yako, na kalamu yako, naandika jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo miaka mingi iliyopita.

Mambo ya blanketi, dawa, namba za simu za ndugu na namna ya kukaa na watu kambini, hayo mama yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema kesho stendi wakati konda anapiga kelele. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuandikia habari ya mgongo wangu.

Mgongo wangu haukuwahi kuuma, Debora. Tangu ukiwa mdogo umeambiwa kwamba baba yako aliacha kuendesha mitambo kwa sababu ya mgongo. Umewaeleza hivyo walimu wako, umewaeleza rafiki zako. Mwaka jana uliponinunulia ile dawa ya kuchua, nilijipaka mbele yako, nikakushukuru, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu muda mrefu. Ulikuwa uongo. Mama yako anaujua ukweli, na mara nyingi ameniambia, "Mwambie mtoto." Nikamjibu kwamba bado mdogo. Sasa kesho unakwenda kuanza kazi ya mitambo, kukalia kiti kilekile nilichokalia mimi, na sina tena pa kujificha.

Wewe skrepa umeifahamu chuoni, kwa michoro kwanza. Mimi niliifahamu kwa masikio. Nilikuwa kijana wa kupaka grisi kwa mkandarasi mmoja wa Manyoni, tukimwita Tajiri, kama watu wanavyowaita matajiri wao. Alikuwa na skrepa mbili kuukuu, buldoza moja, mtambo wa kushindilia na gari la maji. Siku ya kwanza kuiona skrepa ikifanya kazi nilisahau hata kopo la grisi mkononi. Ilishusha bakuli lake chini, kisu kikauma ardhi, udongo ukaanza kupanda ndani kama unga unaochotwa kwa kata, na mashine nzima ikaguna. Lilipojaa, ikafunga mdomo, ikainua tumbo lake na kuondoka mbio na shehena ya udongo ambayo watu kumi wasingeihamisha kwa siku. Ikafika kwenye tuta, ikafungua mdomo, ikatandaza tabaka jembamba huku inatembea, ikarudi. Inakata yenyewe, inabeba yenyewe, inatandaza yenyewe. Nikasema moyoni, hii nitaiendesha.

Tajiri ndiye aliyenipandisha. Hili nataka ulielewe vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu ukisikia sehemu ya mbele unaweza kudhani alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikula nasi sufuria moja. Nilipougua malaria kali porini alinibeba kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali, akalala kwenye benchi nje ya wodi. Alinikuta sina cheti, darasa la saba tu, akanifundisha skrepa kwa mkono wake, amesimama kwenye ngazi pembeni yangu, ananipigia kelele, "Sikiliza injini! Acha kutazama hizo saa za dashibodi, sikiliza injini!" Ulipozaliwa alikuja kukuona. Kitenge kile cha bluu ambacho mama yako alikubebea kilitoka kwake.

Ulikuwa na miaka minne tulipopewa kazi ya kuchimba lambo katika kijiji kimoja kule bondeni, ukiipita Kintinku. Wewe na mama yako mlikuwa Manyoni mjini, kwenye vile vyumba viwili vyenye umeme ambavyo bado unavikumbuka. Kijiji kile kilikuwa na shida ya maji ambayo sisi wa huku hatuijui. Kiangazi akina mama walifukua mchanga mtoni mpaka mtu anazama mabegani, wanachota kwa kikombe, wanasubiri, wanachota tena. Ng'ombe walipelekwa mbali, wakirudi wanatembea kama walevi.

Mwenyekiti wa kamati ya lambo alikuwa mzee Chidawali, Mgogo mrefu, mwembamba, mpole wa maneno. Mahali pazuri pa kujenga tuta, wataalamu walisema, palikuwa penye shamba lake, pale bonde linapobanana. Lilikuwa shamba bora kuliko yote aliyokuwa nayo, udongo mweusi, baba yake alilima pale na babu yake alilima pale. Akalitoa. Nilimsikia mwenyewe akiliongelea, hakujisifu hata kidogo. Alisema, "Uwele nitalima hata mlimani. Maji siwezi kuyalima."

Kambi yetu ilikuwa mbali kidogo na lambo, kwa hiyo mchana nilikuwa nakula kwake. Mkewe, mama Yoeli, alinipikia ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando yakiwepo. Nilikula pale miezi miwili. Mzee alipenda kuniuliza habari za mashine, nami nilipenda kumweleza. Niliona fahari, nikiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzee mwenye heshima zake ananisikiliza kama mwalimu.

Jambo moja nililomweleza ni habari ya mtaro. Wewe umesoma, lakini nitasema tena kwa namna nilivyomwambia yeye. Kabla hujainua tuta la lambo unachimba mtaro mrefu chini yake, unavuka bonde kutoka upande huu hadi upande ule. Unaushusha mpaka ufike kwenye mfinyanzi, ule udongo unaonata usiopitisha maji. Halafu unaujaza mtaro kwa mfinyanzi uleule, tabaka kwa tabaka, unamwagia maji, unashindilia. Hapo ndipo unainua tuta juu yake. Watu wakija kutazama lambo wanaona tuta. Mtaro hakuna atakayeuona tena. Mzee Chidawali alinielewa haraka. Akasema, "Kumbe lambo lenyewe liko chini."

Tulichimba mtaro huo. Upande wa magharibi tuliukuta mfinyanzi mapema, katikati tukaukuta pia. Upande wa mashariki, kama hatua thelathini hivi, palikuwa na shida. Mto wa zamani ulipita pale, haujulikani uliacha lini, ukaacha mchanga wake chini. Hukuhitaji mtaalamu kukuambia. Kwenye mfinyanzi skrepa inaguna, kiti kinakusukuma kutoka chini, na buldoza lazima likusukume kutoka nyuma ndipo bakuli lijae. Kwenye mchanga inateleza, injini inapumzika, na bakuli linajaa vibaya, udongo unarudi kumwagika mbele ya kisu. Niliposhuka na kuuchukua mkononi, ulipita katikati ya vidole vyangu.

Mchoro ulisema tushuke mpaka tuupate mfinyanzi. Tukashuka siku ya kwanza. Tukashuka siku ya pili. Bado mchanga. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Dodoma, na Tajiri alikuwa ameahidi kupeleka mitambo kwenye kazi nyingine. Mhandisi aliyekuwa anasimamia alikuwa na malambo mengine ya kuangalia, alikuja mara mojamoja. Siku ile hakuwepo.

Tajiri alishuka mtaroni kwa miguu. Akachota mchanga, akautazama, akautupa. Akatazama mawingu. Akaja kusimama kwenye ngazi ya skrepa yangu, palepale aliposimama aliponifundisha.

"Yohana," akasema, "huu mchanga hauna mwisho."

Nikazima injini nimsikie.

"Tuta lenyewe ni zito. Litaukandamiza. Nimeona malambo yamekaa juu ya mchanga mbaya kuliko huu."

Nakumbuka mkono wake ulikuwa juu ya bega langu.

"Funika," akasema.

Nikafunika. Debora, sikubishana hata kwa neno moja. Sikumwambia, "Bosi, tujaribu siku moja zaidi." Sikumwuliza kama mhandisi anajua. Niliwasha mashine, nikaenda kuchota mfinyanzi ule mzuri, nikaja kuutandaza juu ya mchanga kama mtu anayetandika shuka safi juu ya godoro lenye kunguni. Mchana wote nilifanya kazi nzuri sana. Tabaka zangu zilikuwa nyembamba, zimenyooka, na aliyeshindilia nyuma yangu akanisifu.

Lakini hilo silo ninalokuandikia. Kuna watu wengi duniani wanaotii tajiri na mimi ni mmoja wao. Ninalokuandikia lilitokea saa saba, nilipokwenda kula.

Mzee Chidawali alikuwa ameketi kivulini ukutani mwa nyumba yake. Nikamwamkia, akaitikia. Mama Yoeli akaleta maji ya kunawa. Nilipokuwa nanawa, mzee akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za safari:

"Yohana, ule upande wa mashariki. Mmeufikia udongo mzuri?"

Nikasema, "Tumeufikia, mzee."

Akasema, "Mungu ashukuriwe." Akanisogezea ugali.

Nikala.

Mvua zilipokuja sisi tulikuwa tumeshaondoka, tuko kazi nyingine mbali. Tulisikia kwamba lambo limejaa, kwamba watoto wanaogelea, kwamba kijiji kimechinja ng'ombe. Tajiri akanipiga mgongoni, akasema, "Si nilikuambia?" Nikacheka. Nililala vizuri siku ile, nikaamini kweli kwamba alijua kuliko mimi.

Lambo lilikaa majuma matano. Kwanza maji yalianza kuchuruzika kwenye mguu wa tuta, upande wa mashariki, safi kabisa, na watu wakafurahi wakadhani ni chemchemi. Baadaye yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Mzee Chidawali ndiye aliyeelewa maana yake. Mto wa zamani ulikuwa umeamka chini ya tuta, unabeba mchanga wake na kuondoka nao. Akawakusanya watu, wakaanza kujaza magunia udongo na kuyarundika. Walifanya hivyo tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi tuta likakaa chini katikati yao, kama mtu aliyechoka. Wakakimbia. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo nimepiga magoti mara nyingi. Lakini maji yote ya majuma matano yalitoka kwa mara moja. Yalichukua mbuzi, yalichukua mashamba ya watu kumi na wawili waliolima upande wa chini, na shamba la mzee Chidawali, lile jeusi, yakalichimba mpaka kwenye mwamba. Pakabaki korongo ambalo mtu akisimama ndani humwoni.

Habari zilitufikia kwenye mashine. Tajiri akasema, "Mvua ya mwaka huu ilizidi." Na karatasi iliyoandikwa baadaye ilisema vivyo hivyo, kwamba mvua ilizidi.

Nilinyamaza misimu miwili ya mvua. Nataka ujue jinsi nilivyokuwa nyumbani wakati huo, kwa sababu uliishi nami. Ndio ule wakati nilipoanza kunywa. Siku moja ulimwaga uji kwenye mkeka, mtoto wa miaka mitano, nikakupiga kofi, na mama yako akakuchukua akaenda kulala kwa jirani. Hukumbuki, au hujawahi kuniambia kama unakumbuka. Mimi nakumbuka. Ulinitazama bila kulia, kama unajaribu kunifahamu mimi ni nani.

Mama yako aliporudi kesho yake, alikaa mlangoni akasema, "Yohana, kuna kitu unakifuga. Kitoe, au mimi na mtoto tuondoke." Nikamwambia yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Huyo mzee yu hai?" Nikasema yu hai. Akaniletea shati la kuvaa.

Nilipanda gari hadi Kintinku, nikatembea iliyobaki. Nilimkuta mzee Chidawali anakamua mbuzi. Nikamwamkia, akaitikia. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwamba upande wa mashariki palikuwa na mchanga, kwamba niliuona, niliushika, na kwamba nilimdanganya.

Hakuacha kukamua. Akamaliza mbuzi yule, akamwachia. Ndipo akasema:

"Nilijua mchanga ulikuwepo. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunachimba panya pale."

Nikashindwa kuelewa. Nikamwuliza, "Sasa mzee, kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka kujua kama mmeumaliza. Tajiri wako sikumwuliza, kwa sababu simjui. Mhandisi sikumwuliza, kwa sababu nilimwona mara mbili tu. Nilikuuliza wewe kwa sababu ulikuwa unakula kwangu."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alisema nirudi Jumatano, kamati inakutana, nikayaseme mbele ya watu. Nikarudi. Ofisi ya kijiji ilijaa, wengine wakasimama madirishani. Nikasema kama nilivyosema kwake. Mama mmoja aliyekuwa amekuja na ndoo yake, maana alikuwa anatoka mtoni, akasimama.

"Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaendelea kufunika?"

"Nikaendelea."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Kaa chini." Akachukua ndoo yake akatoka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa nikae chini.

Kutoka hapo nilikwenda wilayani nikaandika maelezo, nikatia sahihi. Sijui kama karatasi ile ilifika popote. Sikuitwa tena. Tajiri ndiye aliyeitwa, akaja nyumbani kwetu Manyoni. Ulikuwa sebuleni unachezea vifuniko vya chupa. Alikupa mkono, ukamwamkia. Alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Nilidhani atagomba. Alisema kwa sauti ndogo:

"Ungeniambia mimi kwanza."

Nikasema, "Bosi, niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Yohana?" Na nikaona kwamba limemuumiza kweli. Akatazama mikono yake. "Siku ile mtaroni nilikuwa nimechanganyikiwa. Nilisimama pale kwenye ngazi nikisubiri useme. Ungesema hapana mara moja tu, ningekwenda kuvuta sigara, nikarudi nikakuambia chimba."

Akaondoka. Sijawahi kumwona tena. Mimi mwenyewe sikurudi kazini kwake, na wakandarasi wengine wa ukanda wetu walishasikia kwamba kuna opereta anayepeleka maneno wilayani. Ndiyo sababu tulihama Manyoni, ukaacha shule yako na yule rafiki yako wa jirani uliyemlilia njia nzima, tukaja hapa Kinampanda kwenye shamba la babu yako, kwa taa ya mafuta na alizeti. Ulilipia kosa langu, mwanangu, na hukuwahi kuambiwa unalipia nini. Uliambiwa mgongo.

Maneno ya Tajiri sijui kama yalikuwa kweli. Nimeyageuza shambani miaka yote hii, jembe mkononi. Siku nyingine naona alikuwa anajitetea tu, angenishusha na kumpandisha mwingine. Siku nyingine nakumbuka uzito wa mkono wake begani, naona kabisa kwamba alikuwa anasubiri. Sitajua kamwe, kwa sababu sikusema. Mtu aliyesema hapana akafukuzwa, angalau anajua alifukuzwa. Mimi nimebaki na swali ambalo jibu lake lilikuwepo kwa dakika moja tu, injini ikiwa imezimwa.

Mwaka uliofuata mzee Chidawali alinitumia ujumbe kwa mtu wa treni. Alisema watoto na ndama wanatumbukia kwenye korongo, nije tulifukie. Mashine haikuwepo. Palikuwa na sepetu kubwa la chuma walilokopeshwa na kanisa, linalokokotwa na ng'ombe wawili, lina mishikio miwili nyuma. Unainua kidogo linauma udongo, linajaa, ng'ombe wanalivuta, unalipindua. Ni skrepa, Debora, ila inapumua. Nilishika mishikio ile majuma matatu. Yoeli, mtoto wa mzee, aliswaga ng'ombe. Udongo niliokuwa nahamisha kwa safari moja ya skrepa sasa ulinichukua siku nzima, na viganja vikachubuka. Mzee alikuja kila siku akakaa ukingoni, haongei. Siku ya nne mama Yoeli alileta chakula, cha Yoeli na changu, sahani moja.

Hatukulimaliza korongo. Tulilaza kingo zake tu ili ndama aweze kupanda. Siku hizi pameota majani, na Yoeli anapanda mtama pembeni. Lambo jingine lilijengwa baadaye, mbali na pale, na wakandarasi wengine. Nasikia linashika maji. Mzee alipofariki walinipigia simu, nikaenda. Makaburini sikujua nisimame wapi, nikasimama nyuma na wageni. Ilipofika zamu ya kufukia, Yoeli alinitafuta kwa macho, akanipa jembe lake. Niliporudisha udongo ule nilikuwa nalia, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu.

Sasa kuhusu wewe. Ulipotuambia unataka kusomea mitambo, sikusema nawe siku tatu. Ulidhani ni kwa sababu wewe ni msichana. Ulimwambia mama yako, "Baba anaona aibu." Haikuwa aibu. Nilikuwa nimekuona ukiendesha lile trekta la ushirika, jinsi ulivyoinamisha kichwa kusikiliza injini bila kufundishwa na mtu. Nikajua utakuwa opereta mzuri kunishinda. Opereta mzuri ndiye anayepewa sehemu ngumu, na kwenye sehemu ngumu ndiko mtu anakuja kusimama kwenye ngazi yako. Niliogopa hilo, na badala ya kukueleza nikanuna kama mtoto.

Utakutana na wakandarasi wakali, na hao sina wasiwasi nao. Mkali unamjua tangu asubuhi, na wewe una ulimi. Wasiwasi wangu ni yule atakayekutendea wema. Atakayekubeba ukiugua, atakayekwambia wewe ni kama binti yake, na kweli anamaanisha. Siku akikuomba ufunike kitu, utaona kama kumkatalia ni kumtukana. Mimi niliona hivyo. Nilidhani naulinda urafiki wetu, na urafiki wenyewe ndio uliokufa, pamoja na shamba la mtu.

Sikuambii utafanya nini siku hiyo. Sina haki, na sijui. Mashine za siku hizi zina vioo na redio, na wahandisi wanapiga picha kila kitu. Pengine kazi imebadilika na haya yangu ni ya zamani. Ila udongo chini ni uleule, na aliyeko kwenye kiti bado anauhisi kabla ya wote waliosimama nje. Na siku zote kijijini kutakuwa na mtu mmoja asiyejua kusoma mchoro, atakayekuuliza wewe kwa sababu ulikula kwake.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa mbali. Mama yako alipoona naandika, kabla hajaenda sokoni, aliuliza, "Utampa lini?" Nilipomwambia, akaniangalia vile anavyoniangalia. Nilimwelewa, na ana haki. Kumtumia mtu ukweli kwa basi, akiwa hawezi kukufikia, ni kukimbia pia.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa mezani, na mwanga bado upo. Mimi nitakuwa uani napukuchua alizeti. Ukimaliza, njoo ukae nami. Kama umekasirika, njoo ukiwa umekasirika. Niulize habari za lile kofi, niulize kwa nini nilijipaka uongo mbele yako pamoja na dawa uliyoninunulia, niulize chochote. Nitakujibu.

Nakuona kwenye njia sasa, umebeba kuku aliyekupa bibi.

Baba yako,
Yohana